Taa Nyekundu Mkononi mwa Kaka Yako

Nyumba ya nyuma ya duka la rangi,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu za moyoni. Hujambo wewe na wanao? Lile goti limepoa, au ngazi bado zinakutesa? Sisi tupo, tunapumua. Nimechoka, wifi, uchovu wa kulala nao na kuamka nao. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka nivumilie, shule yangu unajua ilipoishia.

Uliniuliza kama kaka yako afunge duka lake la ushonaji aje kwako kupumzika. Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu sikuwa nalo. Mkono wa kulia bado unatetemeka. Cherehani anaimudu, kazi iko kwenye mkasi. Kitambaa cha mtu ukishakikata kombo, utamwambia nini?

Daktari alimpa vidonge, akataka kujua kama vinasaidia. Mashine ya kupima mtetemeko iko hospitali kubwa, na bei yake si ya watu kama sisi. Basi kitindamimba wetu, huyu binti anayesomea umeme, akasema atampima baba yake hapahapa nyumbani. Daktari akasema sawa, nileteeni nione.

Nikueleze nilivyoelewa mimi. Alichukua kalamu ya leza, ile yenye taa nyekundu ya kuelekezea ubaoni, akaifunga kwenye ngumi ya baba yake kwa mpira wa kiuno cha sketi. Dirisha tukaliziba kwa blanketi mchana kweupe. Simu akaisimamisha juu ya meza ya kukatia, kamera akaiweka ikae jicho wazi muda mrefu. Basi taa ikitembea ukutani, picha inashika njia yake yote, kama konokono aachavyo ute. Mkono uliotulia unatoa nukta. Unaotetemeka unatoa nyuzi zilizosokotana.

Picha ya kwanza, kabla ya vidonge, waliipiga mimi niko sokoni. Ya pili, baada ya kuvizoea vidonge, nilikuwepo, nimekaa pembeni mwa meza. Wifi, ilitoka mbaya kuliko ya kwanza! Kaka yako aliupaka mkasi mafuta, akauviringisha kwenye kitambaa kama anayezika. Nikaenda jikoni kulia.

Binti hakukubali. Akaifunga ile leza kwenye jagi la maji juu ya kiti, akaniita nikae palepale nilipokuwa, akapiga tena. Taa ya jagi nayo ikatoka nyuzi!

"Baba, na jagi nalo linaumwa?"

Kaka yako akainama, akachungulia chini ya meza. Unanijua, nikiwa na wasiwasi mguu wangu hautulii. Ulikuwa unagonga meza, meza inatikisa simu.

"Mama watoto," akasema, "yaani nimezeshwe dawa ya mguu wako!"

Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Siku nyingi sijamsikia hivyo. Mimi nikafukuzwa nje kama kuku.

Picha ya mkono wake iliyopigwa nikiwa nje ilionyesha fundo dogo kuliko la kwanza. Dogo, wifi, halijaisha. Daktari aliziweka mbili kando kwa kando, akasema dawa inafanya kazi, aendelee nayo, ila ugonjwa huu si wa kuondoka. Sikufichi.

Kwa hiyo chumba ulichosema utamtengea, usikisafishe bado. Hivi ninavyoandika yumo ndani anakata suruali ya seremala. Amenikataza kuingia. Niko kizingitini, mguu unacheza utakavyo, nasikiliza mkasi. Unakwenda, unasimama. Ukisimama, nami pumzi inasimama. Kisha unakwenda tena.

Nisalimie shemeji, mapacha, na bibi yao mpole. Binti anakuamkia. Mungu awape usingizi mzuri, na sisi atubakizie kidogo.

Nikupendaye hata katika kuchoka,
Wifi yako.