Mistari Miwili Barabarani

Mtaa wa Woodruff, Na. 412,
Hazel Park, Michigan.
Jumatatu, 19 Agosti 1991

Mpendwa Verlin,

U hali gani, mdogo wangu, huko kwenye bomba lenu la mafuta? Lile jino umeling'oa, au bado unatafunia upande mmoja kama mbuzi? Natumai barua hii itakukuta mzima na umeshiba. Mimi sijambo, ukiacha goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Tangu juzi linauma, na sipendi.

Nyanya zimezaa mwaka huu mpaka nagawa kwa majirani wasiozitaka. Mchungaji bado anahubiri saa nzima juu ya mstari mmoja. Darla wako hajambo, amenenepa kidogo kwa mkate wangu wa mahindi, na anakwenda chuoni kila asubuhi na gari la Baba yetu. Analiendesha vizuri, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Nisikuzungushe. Jumapili ulipopiga simu kwa ndugu yetu Royce nilikuwa pale pale jikoni kwake, ila aliikumbatia ile simu mpaka zamu yako ya kupiga ikaisha. Nilimsikia akikuomba ruhusa Darla aendeshe gari lake, lile linalofanana na la Baba, na wewe ukacheka na kusema, “Kama anaendesha la Mzee, hilo litamshinda nini? Si gari lile lile?” Basi nakuandikia kwa sababu si gari lile lile, na Jumamosi ya tarehe 31 binti yako ndiye atakayelitoa getini.

Unakumbuka siku ile ya maonyesho ya magari ilivyo. Mchana wote watu wanafungua boneti na kusifiana uongo. Hatari huja wakati wa kuondoka. Mji mzima unatandaza viti ukingoni mwa barabara, watoto mbele kabisa miguu ikining'inia kwenye lami, na kila gari likitoka wanapiga kelele wakitaka tairi zizunguke mpaka zitoe moshi: “Choma! Choma tairi!” Anayetoka kimya anazomewa mpaka kona. Mwaka jana walimzomea mzee Stidham, na yeye ni shemasi. Sasa mweke pale msichana wa miaka kumi na tisa mwenye damu yetu, halafu uniambie kama atatoka kimya.

Najua utasema dada Oleta amezeeka, amekuwa mwoga. Kumbuka basi ni nani aliyekuwa akishindana kila Ijumaa wakati wewe unavaa kaptula. Gari langu lilikuwa na nguvu kuliko hili la Royce, na halikunigeuka hata siku moja. Marehemu Harlan wangu alihamishia betri kwenye buti ili nyuma kuwe na uzito, akafunga vyuma vya kuizuia ekseli isirukeruke, na tairi zilikuwa pana na laini, ukizigusa zinanata. Nguvu peke yake haimwangushi mtu. Huanguka pale nguvu inapofika kwenye tairi na tairi haina cha kushika.

La Baba linamstahi dereva. Injini yake ni ndogo, nyepesi, na nguvu inakuja polepole, kama mtu anayebisha hodi kwanza. La Royce lina injini kubwa ya chuma kitupu iliyoinamisha pua mpaka nyuma kumebaki kwepesi. Halafu nguvu yake haingoji. Iko pale chini kabisa, ukiachia klachi tu imefika. Springi za nyuma ni zile bapa, laini. Zinajikunja, ekseli inadunda, na tairi inayodunda haishiki kitu.

Lakini kubwa zaidi ni difu, ile gia ya nyuma inayozigawia tairi nguvu. Ukilikanyagia mafuta la Baba, tairi moja tu ya nyuma ndiyo inayozunguka bure. Ya pili inabaki imeshika lami na kulizuia tako la gari lisiende kando. Ndiyo maana wewe na Royce mlifanya upuuzi wote ule ujanani na bado mna meno. Lilichora mstari mmoja mweusi barabarani, na mkachekwa kwa huo mstari mmoja. Huo ndio uliowaokoa, Verlin.

La Royce linachora miwili. Difu lake linazifunga tairi zote mbili zisukume pamoja, na zikishindwa, zinashindwa pamoja. Hapo hakuna iliyobaki kushika, na tako linaenda linakotaka lenyewe. Ndugu yetu anaona fahari. Kachora mistari yake mbele ya nyumba na anaita wapita njia waje kuitazama, kama baba mwenye mapacha.

Sasa tairi zenyewe. Alilinunua gari hilo kwa mjane mmoja kule Lapeer, lilikuwa limelala ghalani miaka na miaka, na bado lina tairi zile zile lililotoka nazo kiwandani. Majaji wa maonyesho wanatoa alama kwa hizo, kwa hiyo hataki kuzivua. Anaziosha kwa sabuni, meno yake yamesimama utafikiri za jana. Nilizibonyeza kwa ukucha, ukucha ndio uliopinda. Mpira umekauka ukawa kama kwato. Nilimwambia hivyo, akanijibu, “Dada, hizo ni historia!” Nikamwambia makaburini pia kuna historia, hatulali huko kwa hiari. Akacheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nikuambie yaliyotokea Alhamisi, kwa sababu yeye hatakuambia. Tulikwenda na gari hilo kununua mahindi mabichi, mimi na yeye, na manyunyu yalikuwa yameanza. Tulipokata kona kuingia barabara kuu aligusa mafuta. Aligusa tu, Verlin, sikusema alikanyaga. Makalio yangu yalijua kabla ya macho: kiti kiliniponyoka kuelekea kando, na kioo cha mbele kikawa kinatazama duka la viatu. Kituo cha basi kikaja dirishani kwangu. Palikuwa na mama mmoja na mifuko yake, tukatazamana, na nilimwona ana kipini cha nywele cha kijani. Kisha Royce akalirudisha gari, sijui kwa ufundi au kwa rehema za Mungu.

Alicheka njia nzima. Alipofika nyumbani akazima injini, wala hakushuka. Alikaa na mikono juu ya usukani. Nikamwuliza, “Na Darla ungemwambia afanye nini pale?” Baadaye akasema, “Usimwambie Verlin.” Royce ameendesha magari haya tangu ana ndevu tatu, na siku hiyo alilirudisha kwa bahati. Darla anajua gari moja tu maishani mwake, nalo ni lile linalosamehe. Kila alichojifunza kwalo kitamdanganya. Likianza kuteleza ataondoa mguu ghafla, kama la Baba linavyotaka, na la Royce litamgeuka papo hapo, kuelekea kwenye viti.

Nimezungumza naye, usidhani sikuzungumza. Nilimweleza yote haya huku tunamenya maharage. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, “Lakini Shangazi, Baba amesharuhusu. Amesema ni lile lile la Babu.” Nitamwambia nini tena mtoto aliyeshika neno la baba yake? Nimemwomba angalau atoke na la Babu. Akasema watamzomea. Nikamwambia azomewe, na mimi nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi. Hakufurahi.

Naogopa, Verlin. Nalisema waziwazi kwa kuwa kwa simu nisingeweza, na Royce kasimama pale akila sahani yangu ya karanga. Naogopa nikiwa naosha vyombo, naogopa kanisani. Namwona Darla kwenye kile kiti na nakiona kile kipini cha kijani. Royce hanisikii mimi. Wewe anakuogopa tangu siku ulipompita urefu. Na Darla atalitii neno lako, kwa kuwa ni neno lako lililomweka pale. Wewe ndiye uliyelitoa, ulirudishe.

Na kwa kuwa sina uhakika barua itakuwahi, nimefanya jambo. Jana Royce alipokwenda kanisani niliingia karakana yake, nikafungua kofia ya distribuita, nikachomoa kile kidude kidogo kinachozunguka na kuzigawia plagi moto. Bila hicho gari haliwaki hata uliombee. Nakutumia humu ndani ya bahasha, nimekifunga kwenye kitambaa. Usikirudishe. Najua ni wizi, na ni wizi wa siku ya Jumapili. Najua pia kwamba duka la vipuri liko mitaa miwili tu kutoka hapa. Labda nimemchelewesha siku moja au mbili, si zaidi.

Nisalimie wenzako wa zamu, hasa yule mpishi aliyekufundisha kula mboga. Binamu Thurman anakusalimu, goti lake kama langu. Orpha wa jirani anauliza kila wiki kama umeoa tena, na kila wiki namwambia hapana, na anaondoka akiimba. Mungu akufunike huko kwenye barafu, akulinde mikono na masikio, akukutanishe na mwanao akiwa mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Oleta

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimeichana tena. Nimesikia injini ikinguruma uani kwa Royce. Nimekifungua kitambaa nione kama sikuchukua kitu kingine kwa makosa. Ni chenyewe, kiko hapa mezani. Basi ameshanunua kingine.

Nimechungulia dirishani. Wametoka. Royce amekaa upande wa abiria, Darla ndiye aliyeshika usukani, amefunga nywele kwa kitambaa, akanipungia mkono. Mvua imeanza. Walipofika kona nimesikia tairi zikilia, zikalia muda mrefu kupita kiasi, na baada ya hapo nikasikia kicheko cha Darla. Safari hii kilikuwa kicheko.

Usingoje Jumapili. Mwambie msimamizi wenu kuna mgonjwa nyumbani, uongo huo nitaujibu mimi kwa Mungu, na upige simu leo hii unaposoma.