Hodi Uliyopiga kwa Jina Langu

Mdogo wangu Kioko,

Sitaanza kwa kukuuliza hali. Salamu zimenitia uchungu siku hizi, na wewe unajua sababu. Mkono wangu umezoea beleshi, kwa hiyo vumilia mwandiko. Naiacha barua hii wazi, yeyote aisome, maana watu ulioandikia kwa jina langu ni wengi na miguu yangu haiwezi kuwafikia wote.

Unakumbuka ulipokuja Garissa mara ya kwanza? Ulikuwa umetoka tu kumaliza shule kule kwetu Makueni, na viatu vya shule ulikuwa navyo bado. Mimi niliacha darasa la saba, wewe ukafika mbele, na nilijivunia hilo mbele ya watu. Nilikupeleka mtaa wa Iftin tutafute kazi. Kazi yetu ilikuwa ile ile ninayoifanya mpaka leo, kuchimba na kuziba barkad, yale mashimo makubwa ya simiti ambayo watu wa huku huwekea maji ya mvua.

Tulisimama kwenye geti la kijani. Ulikuwa umeshafungua mdomo useme tunachimba, tunaziba, bei nzuri. Nikakufinya mkono. Akatoka Ayeeyo Habiba, yule bibi ambaye mtaa mzima unamwita Ayeeyo kana kwamba ni nyanya ya kila mtu. Nikamsalimia. Nabad, ni amani? Nabad. Nikauliza mvua, nikauliza mbuzi, nikauliza goti lake maana alikuwa anachechemea. Akatupa chai ya maziwa ya ngamia. Tukanywa, tukashukuru, tukaondoka.

Nje ukanigeukia. "Kaka, tumekunywa chai ya mwenyewe na hatujasema tunataka nini! Kwani wewe ni fundi au ni mgeni?"

"Leo ni mgeni," nikakwambia. "Fundi atakuja siku nyingine."

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Lakini baada ya siku chache ni yeye mwenyewe aliyetuita kutoka barabarani: "Warya, nyinyi watu wa chai! Hiyo mikono yenu inajua kazi gani?" Hapo ndipo ukaelewa. Huku ukija siku ya kwanza na shida yako mkononi, umekuja kuchukua. Ukija mikono mitupu, watu wanapata nafasi ya kukutazama.

Barkad ile tuliiziba sisi wawili. Nilikuwa chini shimoni, jua likiwa katikati ya kichwa, na wewe juu na kamba. Ulikuwa ukinimwagia maji ya kunywa kichwani kwa makusudi, halafu unapiga kelele, "Mvua hiyo, kaka!" Mwangwi ulikuwa unakirudisha kicheko chako mara mbili. Hiyo sauti bado ninayo.

Ulipoenda Nairobi kusomea kompyuta nilibaki peke yangu na kamba, na sikulalamika. Ukarudi kiangazi hiki na viatu vyeupe. Tuliketi hotelini karibu na soko la mifugo, ukaweka simu yako juu ya meza. "Kaka, nieleze tena vile unaingia kwa watu. Sema kila kitu, usiruke."

Nilisema mpaka chai ikapoa. Nikaeleza goti la Ayeeyo, nikaeleza mbuzi weupe wa mteja wangu, yule mzee wa Balambala, nikaeleza kwamba ufa hauzibiki barkad ikiwa na maji, lazima itolewe yote ikauke. Nilifurahi, Kioko. Nilidhani mtu aliyesoma anayataka maneno yangu kwa sababu amenikumbuka. Ukaomba na simu yangu unakili namba, "zisije zikapotea." Nikakupa bila kuuliza. Ndugu anaulizwa nini?

Mwezi uliopita nikapita Iftin. Nikapiga hodi kwenye geti la kijani. Nasra, mjukuu wa Ayeeyo, akafungua, na hakuniambia karibu. Aligeuza kichwa akaita ndani: "Ayeeyo, ni yule wa simu!"

"Aseme leo anauza nini," ikajibu sauti kutoka ndani.

Nikamsalimia. "Nabad, Ayeeyo?"

Akatoka na fimbo yake. "Nabad umeuliza kwa simu. Mbuzi umeuliza. Goti umeuliza. Sasa miguu imeleta nini?"

Sikuelewa. Nasra akanionyesha simu. "Nabad Ayeeyo. Ni mimi Mutua fundi, hii ni laini yangu mpya. Goti linaendeleaje? Mvua imefika?" Basi, hakuna kingine. Siku ya kwanza Ayeeyo hakuombwa kitu. Yalikuwa maneno yangu kabisa, na kama ningetumiwa mimi ningeamini.

Akaujibu ujumbe huo kupitia kwa Nasra. Akasema goti linauma, mbuzi wako salama, ila barkad imepasuka ubavuni. Jibu likaja hapo hapo: "Pole sana Ayeeyo. Toa maji yote yaliyobaki ili ikauke, nitakuja Alhamisi inshallah."

Akatoa maji. Kiangazi hiki, Kioko! Majirani walijaza majerikeni, mbuzi wakanywa, yaliyobaki yakamwagiwa mwarobaini. Alhamisi akapika anjera, akaweka chai. Hakuja mtu. Akaandika tena, akaambiwa asante kwa subira, Alhamisi ijayo inshallah. Na ijayo vilevile. Siku ile nilipofika alikuwa ananunua maji ya mkokoteni wa punda, na barkad yake tupu iko uani.

"Mimi nimedanganywa na watu mingi," akaniambia. "Lakini hao hawakunywa chai yangu. Na umeandika inshallah. Wewe si Muislamu, sawa, lakini umekaa na sisi, unajua hilo neno ni zito."

Nikamwambia sikuandika mimi.

"Nani basi anajua goti langu?"

Nilivua shati, nikaingia shimoni, nikaziba ufa siku hiyo hiyo. Huko chini peke yangu ndipo nilipokuwa na hakika ni wewe, maana siku ya goti tulikuwa wawili tu.

Nilipokupigia ulicheka. "Si mimi kaka, ni mawakala. Lakini si watu, ni programu za akili bandia. Mmoja anatafuta namba, mwingine anaandika kwa maneno yako niliyorekodi hotelini, mwingine anajibu na kupanga siku. Unaamka unakuta wateja wamepangwa." Ukasema programu hizo unaziuzia kampuni za Nairobi zinazotafutia wengine wateja, na watu ambao hawajawahi kukujua wanajibu kama wamezaliwa na wewe. Garissa yalikuwa majaribio. "Nilihitaji jina ambalo watu wanalijibu, kaka. Langu hakuna anayelijua. Lako linajibiwa."

"Na hizo Alhamisi?"

"Ilitakiwa ikutumie taarifa. Hapo nilisahau kuunganisha. Lakini si ni kazi nimekuletea? Mbona unakasirika?"

Ulisahau kuunganisha. Mimi ndiye niliyekufunga kiunoni kila asubuhi ile kamba ya kunishusha, na sikuwahi kusahau.

Sasa nikisimama getini watu wananikata kabla sijauliza mvua. "Sema unauza nini." Yule mzee wa Balambala ameniambia hivyo hivyo, na huyo nilisimama naye siku ya kumzika mwanawe. Kwa hiyo nasema haraka kama mchuuzi wa soksi, natajia watu simiti kabla ya Mungu, na wengi wanafunga geti. Siku ya kuwa mgeni sina tena. Umeitumia. Ungeniibia beleshi ningenunua jingine.

Jumapili kuliingia ujumbe kutoka namba yako. "Habari kaka. Pole na kazi. Mgongo unaendeleaje? Mvua imefika huko?" Basi, hakuna kingine. Niliketi na huo ujumbe kivulini, nikausoma nikaurudia. Huko nyuma ningekupigia kabla sijaumaliza. Sasa sijui kama ni wewe, au ni yule uliyemfundisha kwa sauti yangu. Sijajibu, na sitajibu.

Siku ile nilinyamaza mbele ya Ayeeyo kwa ajili yako. Leo nimechoka kukufunika. Barua hii nitampa Nasra amsomee Ayeeyo kwanza, kisha ije kwako.

Kama ni wewe uliyeuliza mgongo wangu, panda gari uje. Simama kwenye geti la kijani, piga hodi kwa mdomo wako. Na siku hiyo usifuate nilivyokufundisha. Usiulize mvua, usiulize mbuzi, na goti usiliguse kabisa. Chai ikija, iache kwanza. Ulichokuja kusema ukiseme hapo hapo mlangoni, siku ya kwanza, kabla hujakaribishwa. Atakuwa anajua tayari. Useme hivyo hivyo.

Mimi nitakuwa ndani ya shimo la mtu mahali fulani. Utaniulizia, utaonyeshwa.

Kaka yako wa tumbo moja,
aliyekuwa chini ya kamba.