Krimu Isiyong'aa

Jumatatu, 3 Juni

Mashine ya kusaga imewaka saa moja asubuhi. Mahindi, muhogo, mahindi tena. Kufika mchana uso unanata: mafuta ya mgando chini, unga juu. Vipele vimejaa kidevuni. Dada wa duka la dawa hapa Nyakato kaniuzia krimu nyepesi ya maji. Nipake kidogo tu, kiasi cha punje ya mahindi. Haya.

Jumanne, 4 Juni

Imezama usoni mara moja. Haing'ai hata kidogo. Kama nimeoga nikasahau kujipaka. Lakini unga haukushika.

Deus kasema mama yake anakuja Jumapili kutoka Ukerewe, kuniona. Tunaishi pamoja mwaka wa pili, posa bado. Akinikataa, hakuna posa. Mchumba wa Deus wa kabla yangu, mama alimkataa kwa sababu alikuwa amepauka. Kwao mwanamke asiyeng'aa ni mgonjwa au mvivu. Naogopa.

Ijumaa, 7 Juni

Jana niliingiwa na hofu nikapaka mafuta ya mgando juu ya krimu. Niling'aa kweli. Leo vipele vipya vinne, vinauma. Ujinga wangu mwenyewe. Narudi kwenye krimu peke yake, liwalo na liwe.

Jumapili, 9 Juni

Kafika. Shikamoo, marahaba. Kaniangalia muda mrefu.

"Binti, mbona umepauka? Deus hakununulii mafuta?"

Deus kacheka, peke yake. Iliniuma. Mama kachomoa chupa ya mafuta kwenye mkoba, kanishika kidevu, anataka kunipaka mwenyewe.

"Hapana, mama. Nikipaka hayo unga unanishika, natokwa na vipele."

Kaufunga mfuniko, chupa kairudisha mkobani. Samaki sato nilimuunga vizuri, kala nusu. Nimeharibu.

Jumatatu, 10 Juni

Mama kataka kuona kazi yangu. Kajipaka mafuta yake, uso unameremeta kama andazi lililotoka kwenye karai. Nikampa kigoda karibu na mlango. Upepo wa ziwa ukaingia. Saa nne alikuwa mweupe mpaka kwenye nyusi. Kujipangusa, ikawa uji. Mteja mmoja kamsalimia akidhani ndiye msagaji mkuu. Mimi nilitamani kucheka, nikajibana. Yeye alikuwa ananitazama uso tu, haukushika unga.

Jumatano, 12 Juni

Mama kaondoka na kivuko cha asubuhi. Deus alimsindikiza. Mimi nilibaki natafuta krimu yangu. Chini ya kitanda, nyuma ya ndoo, hakuna. Dirishani nilipokuwa naiweka pamesimama chupa ya mafuta ya mama, imejaa karibu yote.

Deus karudi. Mama kamwambia atafute mshenga kabla ya mavuno kuisha.

Nimekwenda kazini na uso mkavu. Jioni nitapita duka la dawa.