Maji Yulu ya Furu ya Yaya

Kazi mbili, 2 Septemba

Leo nimeua moto! Moto munene, pembeni ya njia ya Tenke. Ndimi zake zilipita clocher, munara wa kengele ya parokia — kidogo zilambe tumbo ya ndege yangu. Nikatelemuka, nikafungua tangi, maji yote chini, pssss! Moshi mweupe, kisha kimya. Mara moja tu! Toka Kolwezi mpaka Musumba hakuna pilote wa moto kama mi. Bon, ni kweli, hapa mi njo pilote wa moto peke yangu. Lakini hata tungekuwa mia.

Ndege iko na kiti kimoja. Hakuna mutu wa nyuma wa kusema "haikuwa vile". Ile njo uzuri wake.

Jambo moja sijalielewa. Maji ikitoka kwa ndege haianguke sawa maji. Inavunjika, inakuwa unga, sawa unga wa bukari kwa upepo. Ju ya nini? Ndoo ikimwangika kwa nyumba haifanye vile. Niliuliza Stany, ule wa radio. Asema nisome fizika! Mi masomo niliacha kwa sekondari, mwaka wa pili. Mon père, padri wa misioni ya Musumba, alinifundisha kurusha ndege mbele ya mutu kunifundisha aljebra. Kila mutu na bahati yake.

Kazi tatu, 3 Septemba

Buvette ya Dilala. Nimewaeleza banywaji moto wangu. Omer, mwenye buvette, asema kwa chupa ya kwanza moto ulikuwa wa urefu wa clocher, kwa chupa ya pili umekuwa wa antenne ya telefone, sasa hatanipa ya tatu, moto utachoma mwezi. Bakacheka. Wivu tu.

Kazi ine, 4 Septemba

Nasikia haya. Haya kubwa.

Yaya Domitille amefika kwa piste ya ndege na taxi-moto. Dada yangu mukubwa, tumbo moja. Uso mweusi na majivu, kitambaa cha kichwa kimelowa matope. Mecanicien, muzamu wa mulango, Stany, bote bakasimama.

— Nani alimwanga maji yulu ya furu yangu?

Furu njo fasi anapika makala yake, makaa ya kuuza. Magogo inapangwa, majani yulu, udongo yulu ya majani, moto unakula polepole ndani, siku mingi, bila ulimi hata moja inje. Bila ulimi! Stany ananiangalia.

— Tata Badi, clocher iko wapi?

Udongo wa furu ulipasuka, maji ikaingia. Magogo nusu makala, nusu mbichi. Haina kazi tena. Na mvula iko karibu — ikianza kunyesha, hakuna furu mpaka kipwa kingine, mvula ikikatika. Yaya iko na nafasi ya furu moja tu, ya mwisho. Iyo njo inamukulisha yeye na batoto mpaka mwaka kesho. Bwana yake alikufa, bote banajua.

Nikapima kusema: yaya, toka yulu moshi ni moshi. Asema:

— We Badi, toka utoto unaona kubwa. Panya kwako ni nguruwe. Lakini mi hukuniona. Nilisimama palepale, napunga mikono.

Sikumuona. Mi mwenye macho ya mwewe.

Nilikuwa naangalia nini?

Siku ya Mungu, 7 Septemba

Kiisha misa nimeenda kule kwa pori, kwa yaya. Si ju ya kuomba musamaha — bon, kidogo. Nilitaka kujua. Moshi wa furu na moshi wa pori, tofauti ni nini?

Anajenga ingine. Nikabeba magogo. Moja ilikuwa nzito sawa wagon ya shaba, nikaibeba na mukono wa kushoto. Yaya asema mukono wa kushoto ulikuwa unashika mugongo. Tuache.

Moshi wa furu: siku za kwanza ni mweupe, munene, unasimama fasi moja. "Magogo inatoa jasho," yaya asema. Kiisha unakuwa wa bluu, mwembamba sawa wa tumbako. Pale makala imeiva. Moshi wa pori ni wa rangi ya chai, unatembea. Unatembea! Njo ile. Ningeangalia tu kama unatembea.

Akanionesha furu ya jirani yake, iliyo katikati ya kupikwa. Aliweka sikio kwa udongo. Na mi nikaweka. Kule ndani: tk, tk, sawa batu banaongea chumba cha pili na hautakiwe kusikia. Miaka yote naua moto, sijasikia moto unanongona. Nilikaa pale mpaka magoti inauma.

— Badi, kimya imekuingia? Mugonjwa?

Kicheko chake cha kwanza toka ile siku.

Tumepatana: atatandika kikwembe chake chekundu, kitenge cha kujifunga, chini, kando ya furu, mawe kwa kila kona. Maana yake: niko hapa, nachunga, pita zako.

Kitu kimoja hakinipendeze. Kila mwaka, mu juin, mwezi wa sita, batu banachoma majani mapema kandokando ya mafuru na mashamba, yakingali na maji kidogo. Moto wa Septemba ukifika haupate chakula. Huu mwaka kampuni yetu ilikataza, ju ya manguzo yake ya courant, ya umeme. Yaya amelima kamustari kazunguke furu. Lakini kule ngambo ya mustari majani ni marefu kuliko yeye.

Kazi mbili, 9 Septemba

Nimepita yulu ya yaya. Kikwembe iko. Kidogo sawa timbre ya barua. Moshi mweupe, umesimama. Nikapunga mabawa.

Mwewe! Zinakuja mbele ya moto, zinangojea panzi batoroke. Mbele, si nyuma! Zinajuaje fasi moto utapita? Leo nilizifuata, nikafika kwa moto mbele ya radio kuniambia. Nani alizifundisha?

Kazi tano, 12 Septemba

Naandika ndani ya ndege. Pompe inajaza tangi.

Upepo toka asubuhi. Moto kwa manguzo, nimemwanga tangi ya kwanza pale. Nikageuka — mwewe, mingi, kule kwa yaya. Nikatelemuka kuangalia.

Kikwembe haiko chini. Yaya ameishika na mikono miwili, anaipunga yulu ya kichwa. Anaita mi.

Furu yake moshi ni wa bluu. Imeiva! Kesho angeifungua. Na ngambo ya mustari, moshi wa chai. Unatembea.

Tangi ilikuwa tupu, nikarudi kwa piste kuijaza. Tangi moja tu. Nikimwanga yulu ya furu, imekufa mara ya pili. Nikimwanga kati ya furu na majani, unga wa bukari — upepo utaubeba. Lazima nipite chini kabisa. Chini sijapata kupita, hata kwa hadisi zangu.

Nikaita Stany. Asema patron anataka manguzo kwanza. Nikasema iko mutu kule. Nikasikia batu nyuma yake banacheka.

— Tata Badi, moto urefu gani? Wa clocher?

— Hapana. Wa kufika kiuno.

Kicheko ikakatika. Mpaka sasa Stany hajaniambia niende wapi.

Pompe imenyamaza. Mecanicien ananipigia mikono: enda, enda. Enda wapi, hajui.

Wa kufika kiuno. Nilipima na kiuno changu. Yaya ni mufupi, kwake ni kifua. Naenda kwake, chini kabisa.