Reli ya ngazi na kitanda changu

Jumanne

Bado yule mkaguzi wa majengo ananikera. Ngazi za ndani niliziacha bila reli makusudi, ili wabebaji wapandishe magunia ya mpunga ghorofani kabla maji hayajajaa bondeni. Akagoma. "Mama, gunia likianguka halivunjiki kiuno. Mtu je?"

Basi leo fundi kamaliza kuchomelea reli. Magunia niliyohofia yatakwama yamepita yote.

Mama mkwe, ambaye tangu tuhamie anasema ghorofa si za watu wa umri wake, kaishika reli, kaitikisa, kapanda peke yake mpaka juu. Nikamwita ale.

"Nileteeni huku huku," akajibu. "Kuna upepo."

Amelala kitandani kwangu. Naandika haya kwenye godoro lake, chini, na wala sijachukia.