Kikombe Kisicho na Tui

Dada Mwanahawa,

Mola akulaze pema. Ni mimi ndugu yako wa Kivinje, uliyeniita Bwana Dresa mbele ya watu na Kichwa-boga tukiwa wawili. Naandika nimelala, usiyacheke maandishi.

Uvimbe wa tumboni uliokuua sasa umenishika mimi. Mwanao Zainabu ndiye anayeniuguza, na ulimi ni wako mtupu: "Mjomba, uji haung'atwi, meza!"

Nina jambo nililolificha tangu ulipofariki.

Unakumbuka uliponiomba bangi? Ulikuwa umejikunja mkekani. Mimi dresa, mgawa dawa wa dispensari, nilivaa koti jeupe la serikali, na serikali imelikataza jani lile, na dini nayo niliiogopa. Lakini kukukatalia wewe, uliyeuza maandazi ili nisome, sikuweza. Nikatafuta majani, nikayachemsha kwa maji. Ukaonja, ukakunja uso. "Mbona haina tui? Bibi alikuwa akipika kwa tui." Nikakujibu kidresa: "Tui litakuvuruga tumbo, dada. Nguvu ni ile ile."

Nilikudanganya. Kule dispensari tulikuwa na chupa ya dawa ya zamani, bangi iliyolowekwa kwenye spiriti. Ukiidondosha majini, maji hufanya ukungu, na utomvu hujitenga ukaganda kwenye kuta za glasi. Nguvu yote imo katika utomvu huo, nao na maji havijuani. Spiriti huuyeyusha. Samli huuyeyusha. Tui huuyeyusha. Bibi asiyejua hata alifu alilijua hilo. Na mimi nililijua, ndiyo maana nikachagua maji. Nilitaka wewe uone nimekupa, na Mungu aone sikukupa.

Ukanywa vikombe vile mpaka siku zako zikaisha. "Leo afadhali kidogo," ulikuwa ukisema. Dada. Afadhali ipi?

Juzi asubuhi Zainabu aliniletea kikombe kizito, cheupe kwa tui. Nikakinywa chote. Nilikaa muda mrefu bila kuona kitu, nikadhani naye amenipa maji, nikasema nimelipwa. Kumbe kinachopitia tumboni huchelewa. Kinywa kikakauka, macho yakawa mazito, jogoo akawika nikacheka mpaka machozi. Maumivu hayakuondoka, yalitoka yakakaa barazani, kama mgeni aliyeambiwa angoje. Nikaomba wali na samaki changu, mimi ninayekimbia uji! Utomvu ule hugusa wapi ndani ya mwili, hakuna kitabu changu kilichonieleza. Ila nilichokunyima sasa nakijua.

Nikamuuliza Zainabu nani kamfundisha tui. Akacheka. "Mama. Alisema kile chako kilikuwa maji ya majani tu, lakini tusikwambie, utaona haya. Alisema mjomba wenu amesoma kila kitu isipokuwa kupika."

Kwa hiyo ulijua kikombe hakina kitu. Ulidhani sijui. Ukanisamehe ujinga nisiokuwa nao.

Mwanao ananihudumia kwa msamaha huo, na sitaki kufa nao mkononi kama kitu cha wizi. Namsikia uani anakuna nazi. Nakuahidi, dada, atakapoingia nitamwambia yote kabla sijagusa kikombe. Akikirudisha jikoni akaniletea cha maji, nitakinywa chote, na akiniuliza hali nitasema leo afadhali kidogo.

Kwaheri ya kuonana. Nikifika, nipokee kwa jina lolote, hata Kichwa-boga.

Ndugu yako