Mtaro Uliopindwa

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya nne ya kupima. Barabara tatu za nyuma ya soko, Ruiru, zile zitakazojengwa upya. Lami imebaki vipande kama ukoko wa sufuria. Mutiso, mwenzangu wa kupima, anashika utepe upande ule, mimi huku, naandika. Upana. Mashimo. Kina cha mtaro.

Leo mtaro umenishinda. Tuliinua kifuniko mbele ya fleti ya ghorofa tano, tukakuta mabomba mawili manene. Ya choo. Fleti nzima inajisaidia kwenye mtaro wa maji ya mvua. Mutiso alitema mate. Mimi nilitapika hapo hapo, watu wakinitazama. Nikajipangusa mdomo, nikapiga picha.

Uchafu wote unateremka hadi kwa Mama Halima, anayepika chapati mwisho wa barabara. Amepanga mawe mlangoni ili wateja wavuke. Aliona kofia yangu ya kazi akaniita.

"Wewe msichana, njoo unuse kwanza, ndiyo ukachore."

Nilinusa. Nimeoga mara mbili na bado nanusa.

Jumatano, 5 Machi

Ofisini Thika, nachora. Nimeupitisha mtaro mpya pale pale unapotakiwa: upande wa fleti, moja kwa moja hadi mtoni. Ngazi za fleti zimejengwa ndani ya ardhi ya barabara, kwa hiyo lazima zibomolewe. Mabomba yataonekana. Vizuri. Yaonekane.

Saa nane Injinia Gitau, bosi wetu, akaja nyuma ya kiti changu. Halafu akaweka kidole kwenye skrini, juu ya fleti.

"Hapa pinda, Wangeci. Vusha mtaro upande wa pili."

Nikamwambia ukivushwa, mteremko unaisha kabla ya mto. Maji yatasimama kwa yule mama wa chapati. Pamoja na kile kilichomo ndani ya maji.

Akacheka. "Karatasi haina harufu."

Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Miaka sita nimemwita mwalimu wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepinda.

Haikuchukua hata nusu saa. Mstari unageuka vizuri, umelainika, mtu asiyejua angesema ni mapambo.

Mchana mwenye fleti, Bwana Waweru, alileta mbuzi wa kuchoma ofisini. Alitusalimia kwa mikono miwili, mmoja mmoja, kama mkwe. Nilisema moyoni sitakula. Nilikula. Mbavu, tena na kachumbari. Na nyama ilikuwa tamu, hilo ndilo linalonichukiza zaidi. Mutiso alikula pia. Hatukuangaliana.

Jumamosi, 8 Machi

Makongeni, nyumbani. Nimefua. Mama alipiga simu kutoka kijijini, akauliza kazi inaendaje. Poa, nikasema.

Jumanne, 11 Machi

Mkutano wa wananchi, kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi ndiye niliyesimama mbele na ramani. Gitau alisema wananchi hupenda kusikia kutoka kwa msichana mpole.

Niliongea vizuri. Lami mpya, taa, njia ya watu wa miguu. Wakapiga makofi. Bwana Waweru alikaa safu ya kwanza, suti ya kahawia, akiitikia kwa kichwa kama mzee wa kanisa.

Mama Halima akasimama. "Maji yataenda wapi?"

Nikasema yataelekezwa sehemu ya chini.

"Sehemu ya chini ni mlango wangu. Sema mlango wa Halima, watu wasikie."

Watu wakacheka. Mimi nikatabasamu. Nilitabasamu! Gitau akachukua maikrofoni akajibu kwa Kiingereza kirefu mpaka ukumbi ukachoka, na mama wa watu akakaa chini. Kisha tukaambiwa tupige picha ya pamoja.

Sikuweza kujitazama kwenye kioo cha gari.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua ya kwanza kubwa. Saa mbili asubuhi Mutiso alinipigia akiwa Ruiru. Akasema, "Madam, kuja uone." Akakata.

Nilikuta maji meusi yamefika vifundoni ndani ya kibanda cha Mama Halima. Vinyesi vinaelea. Karatasi za chooni zimenata kwenye miguu ya meza. Magunia mawili ya unga yamelowa, yanavimba. Yeye amefunga leso kiunoni, anachota maji kwa karai, anamwaga nje, yanarudi.

Na huu ni mtaro wa zamani, unaovuja njiani. Ule niliouchora mimi utamletea yote.

Nilimwambia. Sikupanga, maneno yalitoka tu. Kwamba nilichora sawa mara ya kwanza, kisha nikabadilisha. Kwamba nilijua.

Hakunitukana. Aliniangalia, akanisukumia ndoo kwa mguu.

"Basi chota."

Tulichota hadi saa saba.

Ijumaa, 14 Machi

Mwisho wa kaunti kupokea maoni ya maandishi ya wananchi ni Jumatatu. Nimechapisha ramani zote mbili, ya kwanza na iliyopindwa, pamoja na picha za mabomba. Nimeandika kurasa mbili, kwa Kiswahili, ili Mama Halima aweze kuzisoma mwenyewe. Jina langu chini. Nilimwomba Mutiso atie sahihi kama shahidi. Akasema ana watoto watatu shuleni. Simlaumu. Ninamlaumu kidogo.

Jumatatu, 17 Machi

Tumepeleka ofisi ya kaunti, mimi na Mama Halima. Alivaa buibui yake nzuri. Karani aligonga muhuri bila kusoma. Mama Halima akamwambia asome. Akasoma. Akainua macho, akatafuta bahasha kubwa.

Jioni Gitau hakunipigia kelele. Aliniomba ufunguo wa ofisi. Akasema nimemwaibisha mbele ya watu, baada ya yote aliyonifanyia. Nikatafuta mapenzi niliyokuwa nayo kwa mtu huyu. Sikupata. Kinyaa tu, kwake na kwangu, na sijui chake kinaishia wapi na changu kinaanzia wapi.

Jumamosi, 29 Machi

Karibu wiki mbili bila kazi. Nachora nyumba ya vyumba vitatu ya mwalimu mmoja hapa Makongeni. Anataka veranda.

Mama Halima amepiga simu. Mpango wa barabara umerudishwa ukachorwe upya, wapimaji wengine wameletwa. Nilienda kuona. Nilisimama ng'ambo, karibu na muuza viatu. Wametia alama nyekundu ya kubomoa kwenye ngazi za fleti. Bwana Waweru alikuwa kwenye roshani, simu sikioni. Mabomba bado yapo, bado yanamwaga. Huenda alama ikafutwa. Huenda mbuzi mwingine anachomwa mahali.

Mama Halima aliniona, akainua mwiko. Nami nikainua mkono. Wateja walikuwa wengi, sikutaka kumsumbua.

Nimerudi mapema. Jua kidogo. Nimefungua madirisha yote mawili.